Shemeji wa Mwanawe

Simu ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wa dirisha la jikoni, maana katika nyumba nzima hapo tu ndipo mtandao uliposhika, na Salkin alikuwa amekaa chini yake tangu alipomaliza kukamua. Nje theluji ilianguka bila upepo, ile nzito isiyo na haraka. Barabara ya mlimani ilikuwa imefungwa tangu adhuhuri. Ng'ambo ya mlima, katika hospitali ya mjini, mama mkwe wake alilala kifua kimejaa maji, kando yake alikuwa Tologon, na mfukoni mwa Tologon ndimo ilimokuwa simu ambayo ingeiita hii ya msumarini, kama ingeiita.

"Mama, lala basi," alisema Begimai, binti yake, kutoka chini ya blanketi. Alikuwa na miaka kumi na mmoja na ulimi wa mtu mzima. "Bibi akifa watapiga. Asipokufa, hawatapiga, hela ya simu ina kazi nyingine."

"Ziba mdomo! Maneno gani hayo ya kusema usiku?"

"Bibi mwenyewe husema."

"Bibi ni Bibi. Wewe ni nani?"

Begimai akacheka puani, akageukia ukutani. Salkin akatia samadi kavu motoni, akarudi kukaa. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Kwa jinsi mbwa alivyobweka alijua kama ni mgeni au mbweha. Kwa viatu vilivyovuliwa kizingitini alijua nani kaja, na kaja na neno gani. Lakini simu haina viatu. Simu hunyamaza tu, nawe hujui inanyamazia nini.

Aliomba mambo mawili usiku ule, na moja lilimtia haya. La kwanza, mama mkwe apone. La pili, kama haponi, basi kabla roho haijatoka amwambie Tologon ukweli. Kwa maana Tologon, aliyemwita kikongwe yule Mama, alitoka tumboni mwa Salkin. Na tangu alipojua kusema hadi sasa, kijana wa kunyoa ndevu, alimwita Salkin shemeji.

Hilo lenyewe, katika mabonde yale, si ajabu. Mtoto wa kwanza ni wa wazee. Babu na bibi humchukua wakamlea kama kitinda mimba wao, naye huwaita baba na mama, na baba yake humwona kaka, na mama yake humwona mke wa kaka. Wengi hukulia hivyo wakiwa na mama wawili, na hakuna anayeumia sana. Tologon naye alijua nani aliyemzaa. Kijiji kizima cha Terek-Suu kilijua. Alilolijua vibaya ni jinsi alivyotoka mikononi mwa Salkin.

Salkin aliletwa pale akiwa na miaka kumi na minane, yatima aliyelelewa na shangazi, darasa la nane lenyewe hakulimaliza. Hakuwa na bibi wa kumsimulia kitu. Aliyokuwa nayo ni mikono. Alifungwa kitambaa cheupe kichwani, akafundishwa kuinama kwa kila mkubwa aliyepita, na kumimina chai kidogo kidogo, tone la kufunika kitako cha bakuli, kwa sababu bakuli likijaa mgeni huelewa kwamba anaambiwa aondoke. Akafundishwa pia majina asiyoruhusiwa kuyatamka: ya mama mkwe, ya baba mkwe, ya kaka zao, na ya wafu wao wote. Baba mkwe aliitwa Kozu, yaani mwanakondoo, kwa hiyo hata mwanakondoo Salkin hakuweza kumtaja. "Kile kidogo kinacholia kimepotea," alisema siku moja, na mumewe Jumabek akaenda kumtafuta mtoto wa jirani.

Walicheka sana siku ile. Hata mama mkwe alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa. Salkin alilikumbuka hilo kwa sababu ulikuwa mwaka wa mwisho wa kikongwe yule kucheka vile. Majira ya baridi yaliyofuata, mtoto wake wa mwisho wa kiume, kijana ambaye hakuwa ameoa, alifuata farasi waliopotea, theluji ya mlimani ikamporomokea. Walimpata majani yalipochipua.

Na Salkin wakati ule alikuwa na mimba.

Mtoto alipotimiza siku arobaini aliogeshwa maji ya vijiko arobaini, akavikwa shati lililoshonwa kwa vitambaa vilivyoombwa nyumba kwa nyumba. Wageni walipoondoka, mama mkwe aliingia chumbani. Hakuketi. Alinyoosha mikono.

"Huyu wangu," alisema. "Mungu ananilipa."

Jumabek aliangalia viatu vyake. Salkin alitaka kusema, subiri, Mama, bado ananyonya. Subiri hata majira ya joto. Lakini mkazamwana hajibu. Mkazamwana huinama. Miguu na mgongo vilikuwa vimeshazoea, na kabla hajajua anafanya nini, alikuwa ameinama, mtoto yumo mikononi, na mama mkwe akampokea kana kwamba amepewa. Wakamwita Tologon, jina wanalopewa watoto waliokuja kuwa fidia ya aliyekufa.

Nyumba kubwa ya wazee na nyumba ndogo ya Salkin zilitazamana uani. Usiku alimsikia mtoto akilia ng'ambo, na maziwa yakamtoka yenyewe yakalowesha godoro. Mchana aliitwa kwenda kunyonyesha kama anavyoitwa kukamua. Akimaliza, alimrudisha.

Halafu zikaja hadithi.

Kila jioni ya majira ya baridi mama mkwe alikusanya watoto wa ukoo katika nyumba kubwa, akatupa kati yao lundo la sufu chafu, kila mmoja na fungu lake la kuchambua. Sheria yake ilikuwa moja: mkono ukisimama, na hadithi husimama. Basi watoto walichambua na kusikiliza, miiba na samadi kavu vikidondoka mapajani, na kikongwe akisimulia kwa sauti ya chini, macho kwenye pindo analoshona. Alijua kusimulia, hilo hakuna aliyelibisha. Aliwafunza wasigeuze mkate chali, wasipite mbele ya mzee, wasimfukuze mgeni hata akiwa adui, na hakuwahi kusema "msifanye". Alimleta tu mtu mmoja aliyefanya, akamwacha atembee hadithini hadi yampate.

Salkin aliyasikia hayo yote akiwa mlangoni na birika. Ndipo aliposoma. Alizipenda hadithi zile kuliko watoto walivyozipenda, ingawa alizijua zikiwa na matundu, maana katikati aliitwa kuleta maji, au ng'ombe alianza kulia.

Moja tu aliijua yote. Alihakikisha anaisikia yote, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi.

"Zamani kambi ilihama," alianza kikongwe, "wakafika mtoni, mto umefura. Kulikuwa na mwanamke kijana, mkono huu mtoto, mkono huu chungu kipya cha chuma. Farasi akayumba katikati ya maji. Mkono mmoja ni wa kushika hatamu. Sasa atupe nini?"

"Chungu!" walisema watoto wadogo.

"Nilisema chuma hicho, na kipya. Alikitazama, akamtazama mtoto. Akamwachia mtoto. Nyuma yake alikuwa anakuja kikongwe juu ya ng'ombe, ng'ombe wa kukopa, naye hajui kuogelea. Akainama akamnyaka mtoto kwa ukosi wa shati. Wakavuka. Ng'ambo, mwanamke akasema, haya, nirudishie mwanangu. Wazee wakakaa kuamua." Hapo sindano ilisimama. "Mtoto ni wa nani?"

"Wa kikongwe!"

Na sauti ya Tologon ilikuwa juu ya zote, kwa sababu alikuwa ameegemea goti la msimuliaji. Kisha mama mkwe alisukuma bakuli lake pembeni bila kuinua macho, ishara kwamba chai imekwisha. Salkin akaja akammiminia tone.

Angeweza kusema nini? Hadithi haitaji jina. Ukijitokeza kuikana, wewe ndiye uliyejivika.

Alijaribu mara moja. Tologon alikuwa na miaka kumi na miwili, wako wawili tu malishoni wakimfunga farasi jike kamba ili akamuliwe. Akamwambia, "Tologon, mwanangu, mimi sikukutoa."

Kijana akamwangalia, kisha akacheka, si kwa ubaya. "Shemeji, umeonja maziwa ya farasi yaliyochacha mapema leo? Yamekupanda kichwani."

"Nasema kweli. Alikuja akakuchukua. Mimi niliinama tu."

Kicheko kikakatika. "Mama ni mzee. Usimseme Mama nyuma yake." Akamshika farasi kichwa, akamgeuzia Salkin mgongo. Alikuwa kijana mwema. Alilelewa vizuri mno. Katika ukoo mzima hakukuwa na aliyeshika mafunzo kama yeye, na kila funzo lilikuwa kama jiwe jingine la ukuta.

Miaka ikaenda. Baba mkwe akafa. Jumabek akaenda Moscow kujenga maghorofa ya wengine, akawa sauti ya Jumapili. Begimai akakua, akawa wa Salkin kabisa. Lakini naye jioni alikimbilia nyumba kubwa na fungu lake la sufu. Na vuli hii iliyopita, Salkin akianika nguo, alimkuta binti yake amewapanga ukutani watoto wa wifi, anawasimulia. Mto, farasi, chungu. Aliiga hata kile kituo cha sindano.

"Mtoto ni wa nani?"

"Wa kikongwe!"

Salkin aliweka beseni chini. "Begimai, mwanamke huyo wa chungu unamjua?"

"Ni mtu wa hadithi tu," alisema Begimai. Kisha masikio yakamwiva, akaangalia pembeni. Kumbe alijua. Kumbe watoto wote walijua.

Ndipo alipoamua. Siku Tologon alipomfunga mama mkwe mablanketi na kumketisha garini kumpeleka hospitali, Salkin aliinamia dirisha la gari kana kwamba anamsawazishia shali, akanong'ona, "Mama, nakuomba. Mwambie sikumtupa. Urudi au usirudi, mwambie wewe, kwa mdomo wako. Kwangu hasikii."

Kikongwe alipumua kwa shida. "Radhi yangu unayo," alisema, macho mbele, kama mtu asiyesikia alichoombwa. Gari likaondoka. Salkin akabaki uani akijua amekataliwa.

Sasa dirishani kulikuwa kunapambazuka, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Simu ikatikisika msumarini.

"Shemeji." Sauti ya Tologon ilikuwa kavu. "Mama ametutoka. Barabara wameanza kuifungua, nitamleta mchana. Waambie wasimamishe hema."

"Tologon... ulikuwa naye? Alisema lolote?"

"Shemeji, nina baridi na sijalala. Waambie wasimamishe hema."

Wanaume wakazoa theluji uani wakasimamisha hema la sufu, maana maiti ya mzee hailazwi nyumbani. Tologon akafika naye, wakamlaza nyuma ya pazia. Jumabek alilia kwenye simu, hakuna ndege itakayomfikisha kabla ya maziko, kwa hiyo Tologon ndiye aliyefungwa mshipi mweusi, akapewa fimbo ya kuegemea, akasimama nje ya mlango wa hema akiinama na kulia kwa sauti kwa kila kundi la waliokuja: "Mama yangu ee! Mlima wangu ulioporomoka!" Na ndani, wanawake waliketi wameelekea ukuta, mikono kiunoni, wakiomboleza kwa nyimbo.

Aliyeongoza alikuwa wifi Sabira, binti mkubwa wa marehemu, mwanamke wa sauti nene na jicho la kuhesabu nani kalia na nani hakulia.

"Salkin," alinong'ona katikati ya pumzi, "unaimba au unatazama? Mkazamwana asiyemlilia mkwewe watu watasema alimpikia sumu."

"Naimba, wifi."

"Basi tukusikie. Si kwa pua."

Kuna sheria moja ambayo hata Sabira hakuweza kuivunja. Mwanamke anayeomboleza hakatizwi. Akianza wimbo, awe mjane, binti au mkazamwana, hakuna mzee wala shehe atakayemwambia nyamaza hadi amalize. Siku nyingine zote Salkin alikuwa wa kuinama. Hapa, kwa muda wa wimbo mmoja, alikuwa na kinywa.

Hakupanga kufanya alichofanya. Angalau ndivyo alivyojiambia baadaye. Alianza vizuri, kama ilivyotakiwa.

"Mama ulonipokea, nilipofika mgeni,
Ukanifunza kukanda, na mambo yote jikoni,
Ukanifunika shali, baridi ya milimani..."

Na alimaanisha. Alimlilia kwa kweli. Mbele yake, kwenye upenyo chini ya ukuta wa hema, aliona viatu vya sufu vya Tologon vimesimama thelujini, karibu kiasi cha kuvigusa kwa mkono. Kando yake alikaa Begimai, amefungwa kitambaa kwa mara ya kwanza, akisikiliza kwa mdomo wazi, kama alivyosikiliza kila jioni. Salkin akawaza: huyu ataondoka hapa na hadithi gani? Na yule wa nje je? Leo wanamfukia aliyeanzisha, na neno lake litabaki juu ya ardhi milele. Sauti ikapanda yenyewe.

"Siku ya arobaini, ukaja kwangu chumbani,
Mikono ukanyoosha, kwa mwanangu kifuani,
Sikukupa, ulitwaa, neno lilikwama ndani,
Usiku maziwa yangu, yalitiririka chini,
Sikushika mimi chungu, nikamtupa mtoni..."

Sabira aligeuka kutoka ukutani. Wanawake wengine wakaendelea kuyumba, lakini sauti zao zilikuwa zimekatika moja moja, ikabaki ya Salkin peke yake. Hakuna aliyemkatiza. Aliimba hadi mwisho, akarudi kwenye sifa, akamwombea marehemu njia nyeupe, akanyamaza.

Nje wanaume walikuwa bado wakilia. Sauti ya Tologon haikuwamo.

Alasiri wakaenda kuzika, na kama desturi ilivyo, wanawake wakabaki. Walioshuhudia walisema Tologon alisimama mbele ya jeneza akauliza watu, "Mama yangu alikuwa mtu wa namna gani?", wakajibu, "Mtu mwema." Lakini walijibu wakiangaliana kwanza, na wengine walichelewa, na kijana akauliza tena kwa sauti ya juu, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye maziko ya kijiji kile.

Salkin aliyapata hayo akiwa mferejini, anaosha matumbo ya farasi aliyechinjwa, vidole vimekufa ganzi. Sabira ndiye aliyemletea, amesimama juu yake mikono ndani ya koti.

"Umefurahi?"

"Sikufurahi, wifi."

"Jogoo ana akili kukushinda. Jogoo huchagua saa ya kuwika. Miaka yote hii uko kimya kama kinu, unakuja kupata sauti mama yangu akiwa hawezi kujibu!"

"Alipokuwa anaweza kujibu, mimi sikuruhusiwa kuuliza."

Sabira akaangalia beseni la matumbo. Alikuwa na watoto wanne, na wa kwanza wao alilelewa na wakweze. "Hata hivyo," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo, "hata hivyo, siku ya leo, Salkin?" Akachukua beseni upande mmoja. Wakalibeba pamoja.

Tologon hakuja kula na watu wa nyumba ndogo jioni ile, wala kesho yake. Nyumba kubwa ilikuwa yake sasa kwa haki ya kitinda mimba. Salkin alimwona kupitia dirisha la jikoni: akichota maji, akipasua kuni, akiwapa kondoo majani. Akikutana na Begimai uani alimpiga kikofi cha kichwa, kama zamani. Akikutana na Salkin alisimama kando akampisha kwa heshima, mkono kifuani, macho chini, kama mtu anavyompisha mgeni wa nyumba nyingine.

Siku ya saba wanakaanga maandazi, mafuta yanuke, harufu iwafikie wafu. Salkin alikaanga tangu asubuhi. Alichagua yaliyoiva vizuri, akayafunga kwa kitambaa safi, akavuka ua. Mbwa hakubweka, ilikuwa tu kuvuka ua.

Akagonga.

"Nani?"

"Mimi. Nimekuletea ya moto."

Hatua zilisogea ndani hadi zikafika mlangoni, zikasimama. "Weka kizingitini, shemeji. Mungu azipokee dua zako."

"Nifungulie. Nataka kukuona uso."

"Naona aibu kukuonyesha."

"Tologon, nisikilize. Yale niliyoimba ni kweli tupu. Naapa kwa mkate huu nilioushika. Sikukutoa."

"Najua," alisema.

Salkin hakuelewa. Alihamisha kifurushi mkono wa pili. "Unajua nini?"

"Aliniambia. Usiku ule wa mwisho, hospitalini. Aliivua ile mashine ya pumzi puani, nikagombana naye arudishe, akakataa. Alisema, yule mwanamke hakuwa na chungu chochote. Alisema, nilimkuta amekushika kwa mikono miwili. Mwanangu alikufa, nikataka mwingine, na nikaogopa utarudi kwake, basi nikatunga mto." Kuni zililia jikoni mwake. "Akasema ni wewe uliyemwomba aniambie. Kwenye gari. Akaniomba radhi, nikampa. Akaniambia, nikishafukiwa nenda kwake, umwite mama. Si kabla. Niacheni nitoke kwangu kama nilivyoingia, watu wakinisema vizuri."

"Mbona hukuniambia? Kwenye simu nilikuuliza. Tologon! Nilikuuliza!"

"Ningekuambiaje kwenye simu? Nilikuwa nimesimama kwenye ukumbi wa hospitali, watu wanapita. Nilisema nitakuja. Azikwe, nije. Nilikuwa nimeyapanga hata maneno. Nimesimama pale na fimbo, nalia, na kila nikilia nasema moyoni, kesho. Kesho nitavuka ua. Halafu nikakusikia."

Salkin aliweka paji la uso kwenye ubao. Ulikuwa baridi, na ulinuka moshi na kondoo, na mikono ya mama mkwe.

"Sikujua," alisema. "Nani aliniambia mimi chochote katika nyumba hii? Nani? Nimeishi kwa kusikiliza milangoni."

"Hukujua, ndiyo. Sikulaumu kwa kutojua."

"Basi unanilaumu kwa nini?"

Alipojibu alikuwa mpole, upole uleule aliofundishwa, usio na mahali pa kushika. "Niliuliza watu mama yangu alikuwa mtu wa namna gani, wakaangaliana. Ni mimi niliyesimama mbele yao. Nitasimama hapo maisha yangu yote, shemeji. Kila nikikuona nitakuwa pale."

"Yeye alinisema hivyo miaka kumi na tisa! Mbele yako! Huku namimina chai!"

"Najua."

"Na yeye ulimpa radhi."

"Aliomba."

Begimai alitokea uani, koti halijafungwa vifungo, akiita kwamba ng'ombe analia na ndama ameshafunguka. Akamwona mama yake alivyosimama, akaacha kuita. Salkin akampungia mkono arudi. Hakurudi, alibaki thelujini akitazama, hasogei.

"Basi naomba na mimi," alisema Salkin. Goti moja lilikuwa limekunjika, mgongo umeinama wenyewe, na safari hii aliuacha uiname. "Unasikia? Nakuomba."

Alingoja. Maandazi yalikuwa yameanza kupoa ndani ya kitambaa. Akanyoosha mkono akausukuma mlango taratibu, kama mtu anavyojaribu mlango anaodhani una komeo. Haukuwa na komeo. Ulikubali kidogo, upana wa kidole, kisha ukarudi polepole mahali pake, kwa uzito wa mgongo uliouegemea kutoka ndani.